Msimu wa Mashine Isiyosikika

Jumatatu, 6 Januari

Ninaandika ili nisitukane watu. Dada Spès, ninayefanya naye kazi hapa mashineni, ameniambia leo usoni kwamba mdomo wangu ndio unaofukuza wateja. Wateja gani? Tangu asubuhi ameingia mtu mmoja, na huyo naye alikuwa anaulizia njia ya zahanati. Basi nimenunua daftari kwa jirani, na matusi yangu yote yatakaa humu.

Mimi ni Zakia, binti wa Bashiru mwenye duka pale Majengo, Mpanda mjini. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwa Baba, nikakaa nyuma ya kaunta kupima sukari, na kila aliyekuja kununua kiberiti alitaka kujua naolewa tena lini. Nikachoka mpaka kope. Mwaka jana nikamwomba Baba aniachie mashine yetu ya kusaga ya huku Magamba niiendeshe mwenyewe. Akakubali. Hapo ningenyamaza, lakini wapi! Nikamshawishi auze na injini ya dizeli, ile iliyosaga tangu mimi sijaota meno, aweke mota ya umeme kwa kuwa nguzo zimefika barabarani. Dizeli ghali, moshi mtupu, kelele mpaka kichwa kinauma. Baba akanisikiliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Injini ikanunuliwa na Deogratias wa ng'ambo ya mto, akaifunga kwenye mashine yake.

Sasa Deogratias anasaga kutwa, na mimi nafukuza kuku.

Baba ameshasema. Mahindi mapya yakianza kuvunwa na hali ikiwa hii hii, anakuja na lori. Mashine itakwenda Kapalamsenga kwa kaka yangu Yasser, huko ziwani, ikasage dagaa wa chakula cha kuku. Na mimi nitarudi kaunta. Aliyasema hayo bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua. Umeme hakuna.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua. Umeme ulikuja nikiwa naswali, ukaondoka nikikunja mkeka.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimejua kwa nini hawaji, na afadhali nisingejua.

Alipita mama mmoja na ndoo ya udaga, mihogo mikavu ya kusagwa, kichwani, matope mpaka magotini, anaelekea mtoni. Mashine yangu iko wazi, umeme upo, mimi nimekaa mlangoni nimejipaka na wanja. Akapita kama hanioni. Nikamkimbilia.

"Mama, shikamoo. Kwangu kuna nini, ukoma?"

"Marahaba. Kwani unasaga?"

"Nasaga! Si unaona mlango uko wazi?"

Akacheka. "Mlango wazi hata wa kanisa uko wazi. Yako siku hizi haisemi, mwanangu."

Akanieleza pale pale, mzigo ukiwa kichwani. Watu wengi wa huku, hizi familia zilizotoka Burundi zamani wakapewa uraia, nyumba zao ziko mbali ndani mashambani. Umeme unapita barabarani tu. Mama akiwa kwake anapalilia, alikuwa anasikia injini yetu. Baba alilifunika bomba la moshi kwa kopo, ile tuku-tuku ikawa inafika mpaka vilimani. Ukiisikia, unajua mashine iko hai, unabeba mzigo wako. Usipoisikia, unabaki na jembe lako.

"Yako ya sasa nitajuaje?" akasema. "Nitembee na ndoo hii saa nzima nikukute umekaa unajipepea, umeme umeenda?"

Ni kweli. Mota yangu ikisaga, humu ndani hatusikilizani, lakini ukishavuka barabara ni kama imezimwa. Na injini ya Deogratias ndiyo ile ile ya kwetu, na kopo lile lile. Watu wanaufuata mlio waliouzoea. Sisi wenyewe ndio tuliomuuzia.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza," akasema, akaenda zake.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeandika bango: UMEME UPO, SAGA HAPA. Upande wa pili: UMEME HAKUNA. Nalisimamisha barabarani na kuligeuza kila umeme ukija na kuondoka. Leo nimeligeuza mpaka mkono umekufa ganzi. Aliyelisoma ni mwendesha bodaboda mmoja, akaniambia herufi zimepinda.

Nimechukua namba za simu za akina mama. Wengi simu hazina chaji, kwa sababu umeme wa kuchajia wanakuja kuutafuta huku huku barabarani. Jamani.

Jumatatu, 3 Februari

Nilidhani nimepata akili. Nilisimama kwenye kisima asubuhi, nikawaambia akina mama: leteni mahindi yenu mkipita, yaacheni kwangu, umeme ukija nasaga, kesho yake mnachukua unga. Hakuna kusubiri, hakuna kusikiliza kitu.

Walinitazama kana kwamba nimewaambia waniachie waume zao.

Mkubwa wao akasema, "Mahindi ya mtu hayalali ugenini." Wengine wakaitikia mm, mm. Huku mtu anasimama na mahindi yake tangu yanaingia mdomoni mwa mashine mpaka unga unaisha kudondoka. Anaugonga hata mfuko wa mashine unaodondoshea unga, anaukung'uta. Kumwachia msagaji mzigo wako na kuondoka, hilo halijapata kuonekana. Ni kama kumwambia mwizi, kaa na hii, narudi.

Nikasema, "Kwa hiyo mimi mwizi?"

Dada Spès akanivuta gauni. Nilikuwa nimeshasema.

Baadaye akanisuta vizuri. "Wewe Zakia unaongea kama unadai. Hawa watu hawajakukosea kitu, wanakuogopa tu."

"Mimi? Wananiogopa mimi?"

"Binti wa mjini, mwenye mashine. Na hata kumwona Mzee Sixte hujaenda."

Mzee Sixte ni baba yake Didace, na Didace ndiye katekista wa kigango, kanisa dogo la hapa. Anaumwa tangu Noeli, na kila nyumba imeshapeleka kitu. Mimi sijapeleka. Sikujua. Nitajuaje mambo ambayo hakuna anayeniambia?

Jumanne, 11 Februari

Nimeazima spika kubwa mjini, nimeipandisha juu ya bati. Umeme ukija, muziki unalia wenyewe. Leo wamekuja watu! Wamekuja kweli, foleni mpaka nje. Nimesaga, nimeimba, nimekula unga mpaka kwenye nyusi. Nimempigia Baba simu. Akasema, "Haya, tutaona."

Ijumaa, 14 Februari

Umeme ulirudi kwa kishindo, ukaiunguza spika. Mota imenusurika. Mwenye spika anataka spika.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeanza. Mvua hainyeshi, inamwagwa. Udaga haukauki, na wachache wanaokuja wananiletea wenye unyevu, unaganda kwenye chekeche mpaka nalifungua na kulikwangua kwa kisu, na saumu juu. Leo nimelifungua mara nne kwa ndoo moja. Mwenye ndoo amesimama pembeni ananiambia, kwa Deogratias haugandi.

Nenda basi kwa Deogratias! Sikulisema. Nimeliandika.

Jumatano, 5 Machi

Na wenzetu wameanza Kwaresima leo, wana majivu kwenye paji la uso. Kijiji kizima kimefunga. Yasser amepiga simu kusema ameshamwaga zege la kuifungia mashine. Nikamwambia alimwagie maji lisipasuke, nikakata.

Jumatano, 12 Machi

Ya Rabi, nitaanzia wapi.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini, nikarudi na rimu ya tairi la lori. Nikaitundika mbele ya mashine kwa mnyororo. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: umeme ukija, nagonga. Chuma kinafika mbali na hakiungui. Kigango nacho kina rimu yake badala ya kengele, nilijua, kila Jumapili naisikia ikiita watu ibadani. Lakini Jumapili ni Jumapili. Siku za kazi nani ana haja nayo? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na akili zangu za Majengo.

Leo asubuhi Dada Spès alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Umeme, uliokuwa umepotea tangu Jumapili, ukarudi, tena umetulia kabisa. Nikachukua nondo, nikaanza kugonga. Saumu ilikuwa imenikamata, mkono hauna nguvu. Nikawa nagonga moja, napumua. Moja, napumua.

Hazikupita dakika nyingi nikaanza kuwaona. Wanashuka kutoka mashambani, kila njia, akina mama na akina baba, wengine wanakimbia. Moyo wangu ukafurahi, jamani, nikagonga tena. Nikawa najiambia, Zakia, umeshinda. Wa kwanza kufika alikuwa na jembe begani. Nikatazama kichwani, hakuna ndoo.

"Mahindi yako wapi?" nikamuuliza.

Akalitupa jembe, akanipita mikono ikiwa kichwani, anamwita Yesu kwa Kirundi. "Yezu wanje! Yezu wanje!" Akaendelea kukimbia, na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Wote wanaelekea nyumbani kwa Mzee Sixte. Kisha nikasikia kilio kutoka huko. Kilianza kwa mwanamke mmoja, kikapokelewa, kikawa cha watu wengi. Na mimi, mjinga wa mwisho duniani, nikagonga tena mara mbili.

Didace akatokea upande wa kanisani, suruali imekunjwa, miguu matope. Ni mtu mrefu, mpole, hasemi sana. Alikuwa ametoka kuitazama rimu yake, akaikuta haina mtu. Akaniona mimi na nondo mkononi.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Umeme umerudi."

Sitausahau uso ule. Alinitazama kwanza kama haelewi Kiswahili. Halafu akaelewa, na ingekuwa heri angenipiga.

Huku kwao rimu ikigongwa siku isiyo Jumapili, taratibu, moja moja, ni msiba. Kila mtoto anajua. Na mgonjwa wa kijiji alikuwa mmoja tu. Watu wameacha palizi, wameacha sufuria motoni, wamekuja kumlilia mzee ambaye yuko kitandani, macho yako wazi, anawasikiliza. Mama Didace, mke wake, alikuwa amemlisha uji muda ule ule. Alitoka nje na bakuli mkononi kuwauliza mnamlilia nani.

Nilikwenda. Dada Spès alikuwa amerudi, akanishika mkono. Nilipiga magoti pale uani mbele ya watu wote, nikasema nisameheni, sikujua. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Hajui, hajui. Kila siku hajui." Hakuna aliyemkatalia.

Nimefuturu kwa maji tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mwenyekiti wa kitongoji aliita wazee asubuhi. Hawakukaa sana. Desturi yao ni kwamba aliyeita msiba ndiye anayeulisha, na mimi nimeuita. Kwa hiyo niwalishe wote waliokuja: ugali na maharage, hawali nyama kwa sababu ya Kwaresima.

Nikasema sawa. Nikanunua mahindi, nikasema angalau watayaona yakisagwa kwangu, wataona unga ulivyo laini. Watu wamejaa barabarani, wote wananitazama. Nikawasha. Ikanguruma vizuri, unga ukaanza kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, kijiji kizima kilikuwa kinaiona mashine yangu ikifanya kazi.

Umeme ukakatika.

Nilikaa chini, kweli, kwenye pumba. Tukasubiri. Jua likapanda. Mwishowe nikabeba debe kichwani mimi mwenyewe, Dada Spès lake, tukavuka mto kwenda kwa Deogratias. Tuku-tuku, tuku-tuku. Aliponiona aliizima kabisa injini ili watu wasikie anavyocheka. Halafu, sitamsingizia, akatusagia kabla ya wote waliokuwa kwenye foleni.

Nikasonga ugali wa watu wale na saumu yangu, jasho linaingia machoni, harufu ya maharage inanitukana. Walikula wakamaliza. Hakuna aliyesema asante, lakini hakuna aliyeacha kitu kwenye sahani. Didace hakuja.

Jumapili, 16 Machi

Mzee Sixte ameniita. Nilikwenda nimebeba unga na sukari.

Amebaki mifupa, lakini macho yanacheka. Akanionyesha nikae. "Wewe ndiye uliyeniua?"

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mukobwa wanje, binti yangu! Watu wote wanakufa hawajui nani atawalilia. Mimi najua." Akaanza kunihesabia kwa vidole. Nani alilia kwa moyo, nani alikuwa anaigiza, jirani gani alilia na bado hajarudisha mbegu za maharage. Mama Didace akawa anamkataza huku anacheka kwenye khanga. Na mimi nikacheka, nikajisahau kabisa.

Halafu Didace akaingia, na mzee akamnyooshea kidole. "Huyu hakulia."

"Data," akasema Didace, ndivyo wanavyomwita baba kwao, "nilikuwa nakimbia."

"Wengine walikimbia huku wanalia."

Ulikuwa utani, sauti yenyewe ya utani. Lakini Didace hakucheka. Aliweka kuni chini, akanitazama, akatoka. Mpaka hapo nilidhani amenikasirikia kwa ajili ya rimu. Nadhani sasa ni kwa ajili ya neno hili, ambalo baba yake ataendelea kumtania nalo kila mgeni akija, na aliyelileta ni mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Iddi. Nimeshinda Majengo. Pilau tamu. Yasser kaja na familia, mezani anapima kwa mikono upana wa mashine yangu. Baba akaniuliza mbele ya wote kama wateja wamerudi. Nikasema wako njiani. Wote wakatazama sahani zao.

Jumanne, 8 Aprili

Didace hanisalimii. Si kwamba ananuna, anapita tu akitazama mbele. Na katekista asipokusalimia, jumuiya nayo inasahau jina lako. Wiki hii wateja watatu. Nimeikata rimu kwenye mnyororo, nimeiweka nyuma ya choo.

Nimempelekea Mzee Sixte uji wa ulezi. Anaongea kidogo sana sasa. Hatanii tena.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita, mvua zimekatika. Mahindi yanavunwa, kila uwanja umejaa. Ng'ambo kule injini haizimwi hata saa ya kula. Baba anakuja Jumanne ijayo, lori limeshapatikana. Nimeanza kufunga nguo zangu. Dada Spès ananifungulia.

"Acha," nikamwambia. "Mimi nimeshindwa. Nimebaki mimi tu kulikubali."

"Umeshindwa na umeme, hujashindwa na watu."

"Hapa ni kitu kimoja!"

Nimempigia kelele mtu pekee aliyenivumilia msimu mzima. Jioni nimemwomba radhi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mzee Sixte amefariki alfajiri. Rimu ya kanisani imegongwa na Didace mwenyewe. Nilijifunga khanga nikakimbia pamoja na wengine, na safari hii nilijua nakwenda wapi. Nimelia sana. Nilimpenda yule mzee, na nilimpata nikiwa nimechelewa.

Ilipofika saa ya kupanga chakula, ng'ambo ya mto kulikuwa kimya. Deogratias ameizima injini yake bila kuambiwa. Kwao, tangu mtu afariki mpaka matanga yaanuliwe, mashine haitakiwi kusikika mahali wafiwa walipokaa, na ile yake inasikika kila mahali. Lakini ndugu walikuwa njiani, wengi, wa Katumba na wa Mishamo, na unga wa kuwalisha haupo. Mahindi yapo magunia. Wanaume wakaanza kubishana: yapelekwe mjini, kwa gari la nani, yarudi saa ngapi.

Mama Didace alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimefungwa. Akauliza polepole, "Ile ya Zakia inasikika hapa?"

Dada Spès akasema, "Jana mchana ilikuwa inasaga. Nani aliisikia?"

Hakuna aliyeisikia. Nilimtazama Didace. Alikuwa ameegemea mti wa uzio, macho makavu, mekundu. Akaja mpaka nilipo. Tangu Machi hajawahi kunisemesha.

"Dada Zakia," akasema, "tusaidie."

Wakaleta magunia, wakayashusha, wakaondoka. Hakuna aliyebaki kusimama na mahindi, nani angebaki, kuna kaburi la kuchimba na maji ya kuteka. Nilisaga mpaka jioni. Umeme haukukatika, Alhamdulillahi. Dada Spès alifagia hata unga wa kwenye mkanda, akautia kwenye gunia la msiba. Nikamwambia ule wa chini ni wa kuku. Akasema leo hakuna wa kuku.

Jumatatu, 28 Aprili

Jana tumezika. Leo asubuhi akina mama wawili wakitokea msibani walipita na madebe yao wenyewe, wakayaweka mlangoni.

"Tutachukua kesho," wakasema.

Sikuelewa. "Hamsimami muone?"

"Tusimame mpaka lini na msiba ule? Saga tu."

Wakafunga kila mmoja kitambaa chake kwenye mshikio wa debe na kwenda zao. Mchana wakaja wengine. Nimesaga, nimerudisha kila unga kwenye chombo chake, nimefunga kitambaa nilivyokikuta. Yule mkubwa wa kisimani, yule wa mahindi hayalali ugenini, ameleta mawili. Neno lililonijia nimelimeza.

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi tumeanua matanga. Deogratias akawasha injini yake, tuku-tuku kama kawaida, na kwa kuwa ni Jumanne nilijua lori liko njiani.

Didace alikuja kuchukua gunia la mwisho la msiba. Lilikuwa linamalizikia. Alisimama karibu na mashine, mkono juu ya bati lake, anatazama unga unavyoshuka. Ulipoisha nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," akasema.

Akageukia ukuta. Niliona mabega kwanza. Halafu akalia, mwanamume mzima, katekista, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mwanamume. Ni mimi tu niliyeisikia, kwa kuwa nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Nje barabarani watu wanapita, wanasikia mashine inasaga, basi.

Nikaiacha. Fundi alinikataza kabisa kuizungusha tupu, nyundo za ndani zinapiga hewa, mita inakula umeme bure. Nikasimama mlangoni ili asiingie mtu.

Aliyekuja ni Baba. Yasser nyuma yake na spana mbili, lori limesimama barabarani. Baba ana sikio la mashine tangu ujana wake, alijua kabla hajafika.

"Zakia! Inazunguka tupu! Unasaga nini, upepo?"

"Subiri, Baba."

"Nisubiri nini? Umeme wa nani huo?"

"Baba, nakuomba. Subiri."

Yasser akacheka. "Si nilikwambia? Hana anachosaga, sasa anatuwashia mashine tuone ina kazi."

Didace akatokea nyuma yangu, gunia begani. Uso ulikuwa mweupe wa unga, na machozi yameuchora mpaka kidevuni. Akampa Baba mkono. "Shikamoo, Mzee. Mimi ndiye niliyemwambia asizime. Tumetoka kumzika baba yangu." Akaniambia, "Asante, dada," akaenda.

Baba alimsindikiza kwa macho muda mrefu. Kisha akayaona madebe. Yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka nje, kila moja na kitambaa chake.

"Wenyewe wako wapi?"

"Shamba. Watachukua jioni."

"Wameacha? Wameondoka?"

"Wameacha."

Akainama, akashika fundo la kwanza, akashika la pili. Baba amefanya biashara Majengo tangu kabla sijazaliwa, na dukani kwake hakuna aliyewahi kuacha hata mwamvuli. Yasser akasema dereva anataka kuondoka kabla ya jua kali. Baba hakumgeukia.

"Mwambie aende," akasema. "Kapalamsenga mtatafuta mashine yenu."

Yasser akafungua mdomo. Baba akamwinulia mkono. Halafu akanisogelea, akaniwekea kiganja kichwani kama alivyofanya nilipokuwa mtoto, na mashine bado inazunguka tupu nyuma yetu.

"Zima sasa, mama," akasema. "Mwenzako ameshamaliza kulia."

Nikazima. Kelele zilipokwisha, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nalia, na hapakuwa na kitu cha kunifunika.